Habari Si Kama Kuona: Darsa Juu ya Kuwapeleka Wanafunzi wa Kasese na Bwera Penye Kazi za Teknolojia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.



Darsa ya toleo hili inahusu jambo ambalo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu inaweza kulifanya wakati wa likizo bila kungoja mfadhili mkubwa. Nalo ni kuwachukua wanafunzi wa sekondari, hasa wasichana, na kuwapeleka mahali ambapo kazi za teknolojia zinafanyika ili wakaone kwa macho yao. Mfano wetu ni wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, pamoja na mji wa Bwera ulio karibu na mpaka wa Kongo.

1. Tatizo lenyewe

Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne anachagua masomo ya kidato cha tano. Akiiacha fizikia na hisabati hapo, mlango wa uhandisi na wa sayansi ya kompyuta unakuwa mgumu kufunguka tena. Uamuzi huo mzito anaufanya akiwa bado mdogo, na mara nyingi hana wa kumshauri.

Muulize binti wa umri huo anataka kazi gani. Aghlabu atakutajia ualimu, uuguzi au udaktari. Hizo ni kazi za heshima, wala hatuzidharau. Lakini angalia kwamba amechagua katika yale aliyoyaona. Mwalimu anamwona kila siku na muuguzi alimwona alipougua. Mtu anayeshughulikia mfumo wa kompyuta wa forodha hajawahi kumwona, hata kama ofisi ya forodha iko mwendo wa boda boda kutoka kwao.

Sisi nasi, katika ijtimai na mihadhara, tunamwambia kila mara kwamba kutafuta elimu ni faradhi. Tunasema kweli. Ila tumemwambia tu, hatujamwonyesha.

2. Dalili: tofauti ya kuambiwa na kuona

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa habari si sawa na kushuhudia. Akatoa mfano wa Nabii Musa (a.s.). Mwenyezi Mungu alimjulisha kuwa watu wake wameabudu ndama, na Musa hakuzitupa zile mbao. Alipofika na kuyaona kwa macho yake, ndipo alipozitupa.

Tuzingatie hapa. Aliyemjulisha Musa ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, na Musa hakuwa na chembe ya shaka. Hata hivyo kuona kulimtikisa kuliko kuambiwa. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya Mtume miongoni mwa Mitume wakubwa, itakuwaje kwa mtoto wa sekondari anayeambiwa na mgeni wa nusu saa kwamba teknolojia ina faida?

Wanazuoni wamezungumzia pia daraja tatu za yakini zinazotajwa ndani ya Qur'ani: ilmul-yaqini na aynul-yaqini katika Surat at-Takathur, na haqqul-yaqini katika Surat al-Waqi'a na al-Haqqa. Aya hizo zinahusu mambo ya Akhera na ukweli wa wahyi, wala hatuzigeuzi maana. Tunachukua mpangilio wa ujuzi kama wanazuoni walivyouchukua walipotoa mfano wa asali: kuna aliyeambiwa kuwa asali ipo, kuna aliyeiona, na kuna aliyeionja.

Hii ndiyo hoja ya darsa yetu. Muhadhara wa shuleni ni kuambiwa. Ziara ya mahali pa kazi ni kuona. Kazi ndogo anayoifanya mwanafunzi kwa mikono yake baada ya ziara ni kuonja. Ziara isiyo na kuonja baada yake ni matembezi tu.

3. Fimbo ya mbali haiui nyoka

Mtu akisema teknolojia, akili zetu hukimbilia Kampala au Nairobi. Kutoka Kasese mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Ziara kama hiyo inataka basi, malazi na fedha nyingi, na wazazi wengi hawatamruhusu binti yao kulala nje. Basi tuangalie kilichopo karibu.

Kwanza, umeme. Mto Mubuku unaoteremka kutoka milima ya Rwenzori unaendesha vituo kadhaa. Kimoja ni cha zamani cha Kilembe Mines, kilichojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba. Kingine ni Bugoye, chenye uwezo wa megawati 13, kilichoanza kazi mwaka 2009. Ndani ya kituo cha namna hii mwanafunzi anaona somo la fizikia likizunguka: maji yanasukuma tabo, tabo inazungusha jenereta, na mtu ameketi mbele ya skrini akifuatilia mtambo.

Pili, madini. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, likabaki lundo kubwa la mabaki. Mwaka 1999 kiwanda cha Kasese Cobalt kikaanza kutoa kobalti katika mabaki hayo kwa kutumia bakteria wanaoyavunja madini. Kiwanda hicho kilishasimamisha uzalishaji, lakini kisa chake kinafaa kusimuliwa njiani: kilichoonekana takataka kwa kizazi kimoja kilikuwa mali kwa waliosoma kemia na biolojia. Kiwanda cha saruji cha Hima nacho kimo katika wilaya hiyo hiyo.

Tatu, mpaka wa Mpondwe. Mizigo inayopita forodhani inasajiliwa kwa kompyuta katika mfumo uitwao ASYCUDA World. Mfumo ukikwama, malori yanasimama na nyanya zinaoza. Hapo mwanafunzi anaelewa kuwa mtaalamu wa mtandao anabeba riziki za watu.

Nne, hospitali ya Bwera. Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo aligunduliwa kuwa na Ebola wilayani Kasese, akapelekwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola hapo Bwera. Sampuli ilithibitishwa katika taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa na kuchanjwa, na ugonjwa haukuenea nchini. Madaktari na wauguzi walikuwa mstari wa mbele, lakini nyuma yao walikuwepo watu wa maabara na watu wa kutunza orodha na takwimu. Kazi hizo nazo zinasomewa.

Tano, vitu vidogo vya mjini: studio ya redio, fundi wa umeme wa jua, fundi simu, wakala wa pesa za simu, chama cha ushirika kinachopima na kurekodi kahawa ya wakulima. Hapa hakuna geti wala barua ya kusubiri. Jumuiya changa ianzie hapa.

4. Kwa nini wasichana hasa? Kisa cha kisima cha Madyan

Katika Surat al-Qasas, aya ya 23 mpaka 26, Musa (a.s.) alifika kwenye maji ya Madyan akakuta watu wananywesha mifugo. Kando yao walikuwapo wanawake wawili wanaozuia mifugo yao. Akawauliza wana nini. Wakamjibu kuwa hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini.

Sasa ingia katika chumba cha kompyuta cha shule yenye mashine chache na wanafunzi wengi. Mara nyingi utakuta wavulana wameshika kibodi, wasichana wamesimama nyuma wakisubiri wachungaji waondoe mifugo yao. Kipindi kinakwisha kabla zamu yao haijafika. Hakuna aliyewakataza, wenye nguvu wametangulia tu.

Tunapata mafunzo matatu. La kwanza, Qur'ani haikuwalaumu mabinti wale kwa kutoka kufanya kazi. Walikuwa na haja, na walikuwa na haya. La pili, Musa aliwafungulia njia, hakuwafuata kuwadai shukrani. Ndugu zetu wa kiume mnaosaidia ziara hizi, huo ndio mwenendo: msaidie, kisha mwende kivulini. La tatu, ni mmoja wa mabinti wale aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mpaka leo hakuna mwajiri anayetafuta zaidi ya hayo, yaani anayeiweza kazi na anayeaminika nayo.

Tumkumbuke pia Ash-Shifa bint Abdullah (r.a.). Alijua kuandika katika jamii ambayo wenye kuandika walikuwa wachache, na katika Sunan Abi Dawud imepokewa kuwa alimfundisha Hafsa (r.a.), mke wa Mtume, kuandika. Kuandika kulikuwa ujuzi adimu wa zama zile, na mwanamke aliupokea kwa mwanamke mwenzake. Kwa hiyo mnapoomba ziara, ombeni mwenyeji awe mwanamke ikiwezekana, hata kama si mkuu wa idara. Fundi kijana wa kike anayeeleza kazi yake kwa saa moja anamfaa binti kuliko hotuba ya mkurugenzi.

Wazo hili si geni duniani. Marekani ilianza mwaka 1993 kuwa na siku ya kuwapeleka mabinti kazini. Tangu 2011 shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, linaadhimisha Siku ya Wasichana katika TEHAMA kila Alhamisi ya nne ya Aprili.

5. Namna ya kuipanga

*Kabla ya ziara.* Nendeni kwa wazazi kwanza, si kwa barua tu. Waelezeni mnakwenda wapi, na nani, na mtarudi saa ngapi. Awepo mwalimu wa kike au dada wa chuo kwa kila kikundi, na watoto wawe majumbani kabla ya Magharibi. Kutoka Bwera mpaka mji wa Kasese hakufiki kilomita 60. Kwa kauli inayokadiria umbali wa kupunguza swala kuwa kiasi cha kilomita 80, hii si safari ya qasri, basi ombeni mapema mahali pa kuswalia Adhuhuri, rakaa nne kamili. Mzazi akiuliza kuhusu maharimu, msimjibu kwa ubishi. Mpelekeni kwa sheikh anayemwamini.

*Wakati wa ziara.* Kikundi kiwe kidogo, watu 10 hadi 15, kila mmoja asikie na aone. Penye mashine zinazozunguka, mtandio ubanwe vizuri na ncha zake ziingizwe ndani ya nguo. Hapo stara na usalama vinakwenda pamoja. Hospitalini na forodhani kuna siri za watu, basi simu zibaki mfukoni. Kila mwanafunzi aandae swali moja. Maswali mazuri ni kama haya: "Jana ulikwama wapi, na ulitatuaje?" na "Ulipokuwa kidato cha nne ulichagua masomo gani?"

*Baada ya ziara.* Hapa ndipo tunapoonja. Ndani ya wiki mbili wanafunzi wafanye kazi moja inayotokana na walichokiona. Waliokwenda kwenye umeme watengeneze gurudumu dogo la maji liwashe taa moja. Waliokwenda kwenye ushirika wa kahawa wapange rekodi za mizani katika jedwali la kompyuta. Walioona maabara wajifunze kutunza daftari la vipimo vya mvua. Dada mmoja wa chuo awasimamie kwa simu muhula mzima, na mwisho wa mwaka tuhesabu jambo moja tu: wangapi wamebaki na hisabati na fizikia?

6. Shaka inayostahili jibu

Wako watakaosema: vijana waliosoma wako mitaani bila kazi, kwa nini tuwape mabinti hawa ndoto? Swali hili ni la haki, na tusilijibu kwa maneno matamu. Ziara haizalishi ajira. Lakini mitambo ya Bugoye itasimamiwa na mtu, mfumo wa Mpondwe utatunzwa na mtu, na maabara ya Bwera itasomwa na mtu. Ziara inampa binti wa hapa nafasi ya kushindania kazi hizo, badala ya kuziona zimejazwa kabla hajajua kuwa zipo. Na ujuzi wa kompyuta au wa umeme wa jua unaweza kumtolea riziki yake hata akiwa nyumbani kwake.

7. Maswali ya mjadala katika halaka

1. Ni tofauti gani baina ya ilmul-yaqini na aynul-yaqini, na mihadhara yetu mashuleni iko daraja gani?
2. Katika shule uliyosoma, nani alishika kibodi na nani alisimama nyuma? Tufanye nini ili zamu ziwe sawa?
3. Taja mahali patatu pa kazi palipo karibu na kijiji chako ambapo kikundi kinaweza kwenda kwa miguu au kwa nauli ndogo.
4. Nani katika jumuiya yetu yuko tayari kusimamia wanafunzi watano kwa muhula mmoja?

Swali la nne lisijibiwe kwa ujumla. Andikeni majina.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi watoto wetu wa kike na wa kiume, na aijaalie kazi hii iwe kwa ajili yake. Wabillahi tawfiq.