Fundisho juu ya Viporo vya Kazi

Mwezi huu twataka kufundishana juu ya neno ambalo kila mwenye kazi alijua, walakini wachache hulisema: uchovu uletwao na kazi zisizokwisha. Chakula kilichobaki jioni kikalala hata asubuhi chaitwa kiporo. Nayo kazi iliyoanzwa isimalizwe, au iliyoahidiwa isianzwe, watu huiita kiporo vilevile. Kiporo cha chakula kikifunikwa na kuwekwa mahali pake, asubuhi watoto hula. Kikiachwa ovyo, huchacha.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tukitumika hapa Kirumba, bibi mmoja mzee alituomba tumpelekee Chakula cha Bwana nyumbani kwake, juu kwenye majabali, kwa kuwa miguu yake ilikuwa haiwezi tena kushuka. Tukamwahidi siku ya Alhamisi. Hatukuandika, maana tulisema moyoni kwamba neno kama hili halisahauliki. Usiku wa Jumatatu neno hilo likatuamsha. Usiku wa Jumanne likatuamsha tena, pamoja na hesabu za usharika, na cheti cha ubatizo alichokingoja mtu, na mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Alhamisi ilipofika, asubuhi ikaja simu ya msiba, mchana kikao cha wazee, na jioni tukalala tumechoka. Ijumaa akaja mjukuu wake, akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Bibi alivaa kanga yake mpya jana tangu asubuhi. Alikataa kula hata jua likachwa." Tukaenda saa ile ile, tukamwomba radhi, naye akatusamehe. Lakini siku ile aliyongoja haikurudi.

Angalieni ajabu ya jambo hili. Akili ilitukumbusha usiku, wakati tusipoweza kutenda lolote, na siku ya kutenda ikanyamaza. Basi tukapata hasara mbili: usingizi ulitutoka, na ahadi ikavunjika.

Wenye elimu wameichunguza tabia hii ya akili. Mwaka 1927 mwanamke mmoja, jina lake Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, aliwapa watu kazi ndogo ndogo nyingi, akawakatiza katika nusu ya kazi hizo kabla hawajamaliza. Kisha akawauliza wanakumbuka zipi. Aliona kwamba zile zilizokatizwa zilikumbukwa karibu mara mbili kuliko zilizokwisha. Mwaka 1928 mwenzake, Maria Ovsiankina, akaonyesha kwamba mtu aliyekatizwa huirudia kazi yake mwenyewe, asipoamriwa na mtu. Waliorudia majaribio hayo baadaye hawakukubaliana wote juu ya kukumbuka. Lakini ile hamu ya kurudi imeonekana tena na tena. Twaona basi kwamba akili yatuvuta kuelekea kiporo, lakini si mwaminifu kutukumbusha saa ipasayo. Ni kama mlinzi apigaye kelele usiku kucha, na mwizi ajapo amelala.

Je, dawa yake ni kumaliza kazi zote? Nani aziwezaye? Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, waliwachunguza watu wenye mambo ambayo hawajayatimiza. Waliposoma kitabu, mambo yale yaliwaingilia mawazoni. Lakini wale waliokwisha kupanga waziwazi namna watakavyoyatimiza hawakusumbuliwa vile, ingawa kazi yenyewe ilikuwa bado. Neno hili tulishike: akili haidai kazi iishe leo, yadai kujua itafanywa lini, na wapi, na kwa njia gani.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu walijua jambo hili kabla ya wataalamu. Dagaa zinazoletwa hapa mwalo wa Kirumba huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Taa huwavuta dagaa wakati wa giza; mwezi ukikomaa, mwanga wake huishinda taa. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika ufukoni, na nyavu hushonwa. Mvuvi aonaye tundu dogo katika wavu wake usiku wa giza hakai akihuzunika katikati ya ziwa, maana siku ya kushona yajulikana, nayo yaja. Kazi yake haijaisha, lakini ina siku yake. Kwa hiyo moyo wake umetulia, na mikono yake yaweza kuvuta.

Basi tufanyeje? Tumejifunza mambo manne.

Kwanza, kuandika. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Tena walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ukiyaunganisha maneno haya mawili, waona kwamba ahadi nayo yataka daftari. Nunua moja, wala usiandike huku na huku kwenye vipande vya karatasi. Kila jioni andika yote yaliyobaki. Mwaka 2018, katika chuo cha Baylor huko Texas, vijana 57 waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala. Walioandika kazi zilizo mbele yao walipata usingizi mapema kwa dakika 9 hivi kuliko walioandika kazi walizokwisha kuzifanya.

Pili, kuandika tendo pamoja na siku yake. Ukiandika "mabati", umejiandikia wasiwasi tu. Andika hivi: "Jumanne saa 3 asubuhi, kwenda dukani kuuliza bei ya mabati 20." Neno lisilo na siku halijatoka kichwani bado, limehama chumba tu.

Tatu, kugawa na kuachilia. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka Yethro mkwewe akamwonya kwamba atachoka yeye na watu pamoja naye. Ndipo akachagua wasaidizi, mambo makubwa tu yakaletwa kwake. Wengi wetu twashika kazi ambayo mzee wa kanisa au kijana wa kwaya angeifanya vema kuliko sisi. Tena ziko kazi ambazo hatutazifanya kamwe. Hizo tumwendee mwenyewe tumwambie mapema, "Ndugu, neno hili sitaliweza." Neno hilo lauma siku moja, ahadi ya uongo huuma mwaka mzima.

Nne, kuwa na mbalamwezi yetu. Chagueni saa moja katika juma, isiyobadilika, ya kulifungua daftari na kushona matundu: kufuta yaliyokwisha, na kuyapa siku mpya yaliyochelewa. Daftari lisilofunguliwa ni kaburi la ahadi. Akili ikijua kwamba daftari halisomwi, itaanza tena kupiga kelele usiku.

Huenda mtu atasema, "Hiyo ni kazi juu ya kazi." Ni kweli, yataka muda. Lakini hesabu saa ulizokesha bure mwezi huu, kisha upime.

Maswali ya kuulizana katika mitaa:

1. Ni viporo vipi vitatu vinavyokuamsha usiku? Kila kimoja kina siku yake?

2. Ni kazi gani unayoishika ambayo mwenzako angeiweza?

3. Ni nani anayekungoja leo, nawe hujamwambia kwamba hutakuja?

Swali hili la tatu lisirukwe. Viporo vyetu havikai katika vichwa vyetu tu. Mara nyingi kiporo ni mtu aliyeketi mlangoni, amevaa kanga mpya, akisikiliza nyayo njiani. Kwa ajili yake tuandike leo jioni, kabla taa haijazimwa.