Moshi, Mvuke na Malezi: Somo kwa Familia za Wahamiaji Nchini Uingereza

Katika miji ya Uingereza wanamoishi watu waliotoka Somalia, Yemen na pwani ya Afrika Mashariki, vijana hulelewa baina ya desturi mbili. Nyumbani huamkia wazee kwa heshima. Shuleni hutafuta kukubalika na wenzao. Hapo katikati ndipo sigara ya kielektroniki ilipopenya. Mzazi aliyekataza tumbaku haoni jivu wala hasikii harufu ya moshi. Husikia harufu ya embe tu, akadhani ni peremende.

Kifaa chenyewe

Sigara hii ina betri, waya unaopata moto, na kimiminika chenye ladha ambacho aghalabu huwa na nikotini. Ilibuniwa mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa China. Kinachotoka si mvuke wa maji matupu. Nikotini hujenga uraibu, na hudhuru zaidi ubongo wa kijana, ambao huendelea kukua hadi takriban umri wa miaka 25.

Je, ni mila?

Wapo vijana wanaojitetea kwamba shisha ni desturi ya wazee, na kwamba kifaa hiki ni sura yake mpya. Hoja hiyo yahitaji kupimwa. Kwanza, maji ya shisha hayaondoi sumu ya moshi. Pili, nchi za asili zenyewe zimebadilika: Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017, na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza shisha pamoja na sigara za kielektroniki. Tatu, kiini cha baraza ni watu: kahawa, tende na mazungumzo. Kijana anayevuta peke yake chooni, kwa kificho, hajarithi baraza. Amerithi uraibu pekee.

Sheria na huduma

Nchini England, tangu Oktoba 2015 ni kosa kumuuzia aliye chini ya miaka 18 kifaa chenye nikotini, na ni kosa pia kwa mtu mzima kumnunulia. Vifaa vya kutumia mara moja na kutupa haviruhusiwi kuuzwa tangu tarehe 1 Juni 2025.

Kwa mtu mzima anayevuta sigara, hali ni tofauti. Wahudumu wa afya hukubali kifaa hiki kama njia ya kuacha, kwa kuwa madhara yake ni madogo kuliko ya sigara. Asiyevuta asianze. Huduma za kusaidia kuacha hutolewa bure, na asiyekimudu Kiingereza anaweza kuomba mkalimani.

Kifaa kilichokwisha kisitupwe katika pipa la taka la nyumbani, kwani betri yake huweza kuwasha moto ndani ya gari la taka. Kirudishwe dukani au kipelekwe kituo cha kukusanyia taka.

Ya kujadiliwa nyumbani

1. Ni desturi gani za familia zinazomfanya kijana ajione ni wa kwao bila moshi?
2. Akiungama kuwa anavuta, atapokewa kwa fimbo au kwa msaada?

Kijana anayeogopa fedheha huficha, na anayeficha huchelewa kutibiwa. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjo wa hasira huvunja.