Nenda Kariakoo na flashi yako

Laptopu yangu ya kwanza ya mtumba niliinunua kwa macho. Ilikuwa imefutwa ikang'aa, Windows ikawaka, jamaa akafungua video ya mpira tukaitazama wote pale kaunta, nikalipa. Kufika nyumbani nachomoa chaja, ikazima papo hapo. Betri ilikuwa pambo. Kesho yake narudi, fremu ya duka ni ileile, aliyeniuzia hayupo, na aliyepo hanijui. Simtaji mtu, kwa sababu aliyelipa haraka ni mimi.

Nafanya kazi Posta, na saa ya chakula huwa natembea tu, navuka Mnazi Mmoja, mara niko Kariakoo. Tangu siku ile sivuki bila flashi mfukoni.

Flashi yenyewe iwe ya GB 8 kwenda juu. Iwekee Ventoy, programu inayoiwezesha flashi kuwasha kompyuta, kisha nakili ndani yake faili la Linux Mint, mfumo endeshi huria, toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Faili hilo linakaribia GB 3, kwa hiyo usilishushe kwa bando la siku. Tafuta mtu mwenye intaneti ya ofisi na roho nzuri.

Ukifika, winga, yule dalali wa mtaani, atakudaka kabla hujajua unakwenda mtaa gani. "Bosi wangu, laptopu? Simu? Tivii? Njoo uone tu, kuona bure." Mfuate ukitaka, ila ujue cha kwake kimeshapandishwa juu ya bei. Ukipata mashine iliyokuvutia, omba izimwe. Chomeka flashi, washa huku unabonyeza F12 kama ni Lenovo au Dell, F9 kama ni HP. Ikikudai nenosiri kabla hata haijaisoma flashi, irudishe mezani. Huenda ilikuwa ya ofisi fulani huko ng'ambo, ikafungwa na wenyewe, na fundi atakayekwambia "hiyo ndogo" anakuanzishia safari nyingine ya pesa.

Ikiwaka, chomoa chaja kwanza. Fungua Terminal, andika upower -d, ubonyeze Enter. Yatashuka maneno mengi. Wewe tafuta mstari wa capacity. Ile namba ndiyo asilimia ya uwezo uliobaki kwenye betri tangu ilipotoka kiwandani. ThinkPad ninayoandikia sasa ilisema 71. Jirani yake pale mezani, sura moja, bei moja, ilisema 38. Baada ya hapo bonyeza kila herufi, moja moja, bila aibu. Herufi A ikiwa imekufa, Kiswahili chote kimekufa. Jaribu spika, kamera na Wi-Fi, ndipo uanze kupatana.

Siku niliyoinunua ThinkPad hiyo, muuzaji aliniangalia weee, akauliza, "Kaka, unaiwekea kirusi?" Nikamwonyesha kwamba kila kitu kinasomwa kwenye flashi, diski ya ndani haijaguswa. Akaishika mwenyewe, akafungua hiki na kile, akaona mashine ya miaka mingi inakwenda bila kusuasua. Akaomba nimnakilie. Nikamnakilia palepale, na hakuna aliyemwibia mtu. Tumezoea Windows ya kuchakachua kiasi kwamba mtu akipewa programu kihalali anatafuta mtego uko wapi. Programu huria haina mtego huo: unaitumia, unaigawa, ukijua kuandika kodi unaibadilisha. Na wakati wake ni huu, maana Windows 10 iliachwa rasmi na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinazouzwa pale hazina vigezo vya Windows 11.

Sasa gemu. Sina ugomvi na mabanda ya pleisteshen. Nimekulia humo, na ukinipa pedi leo nitakufunga. Ila gemu la kushusha GB 90, kisha linadai sasisho kabla hujagusa mpira, hilo limetengenezwa kwa mtu asiyejua bando ni nini. Mimi flashi yangu ina SuperTuxKart, mbio za vigari ambazo watu wawili wanacheza kwenye kioo kimoja. Faili lake unanakili, unafungua, unacheza. Nina 0 A.D., la kujenga dola za kale, na humo Wakushi wa Meroe wapo na piramidi zao. Kwenye laptopu dhaifu punguza madoido la sivyo litakwama vita vikikolea.

Ninalolipenda kuliko yote ni Wesnoth, lililoanza 2003. Ni zamu kwa zamu kama drafti, na lina jambo moja la kijanja: saa. Askari wa upande wa nuru hupiga kwa nguvu robo zaidi mchana, usiku hupungukiwa robo. Wafu na majitu ya giza ni kinyume chake. Kwa hiyo nusu ya akili yako iko kwenye ramani, nusu iko kwenye jua linalozama. Picha zake ni za kizamani, sibishi.

Kisha umeme unakatika. Betri ya asilimia 71 inafika mahali inasema basi.

Hapo ndipo mimi na wenzangu tulipoanza michezo ya hadithi, ile ya kukaa mezani, kila mtu na mhusika wake, na bahati inaamuliwa kwa dadu. Mkongwe wake ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Januari 2023 wenye mchezo walitaka kubana leseni ya kanuni zake, wachezaji wakaja juu, na kabla mwezi haujaisha kanuni za msingi zikawekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Ni kurasa takriban 400, na ruhusa ya kutafsiri unayo mradi utaje chanzo. Nilianza kuzitafsiri kwenye LibreOffice nikachoka mapema. Kanuni nyingi mno! Nikabakiza kurasa sita. Anayeongoza nikamwita mtambaji, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya bibi: akisema "hadithi hadithi," mezani tunaitika "hadithi njoo." Mapango na mazimwi ya Ulaya nikayaacha, nikahamishia mchezo Kilwa ya mwaka 1331, mwaka aliofika msafiri Ibn Battuta. Tuna nahodha, mganga, mkalimani, na mwizi wa bandarini.

Dadu ya pande ishirini inayotumika kwenye mchezo huo niliitafuta Kariakoo nzima, nikaishia kuonyeshwa za ludo. Basi tukaandika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, tukazikunja, tukazitia kwenye kofia.

Jirani yetu, mzee wa bao, alikuja na mshumaa wake akakaa kimya kama nusu saa. Kisha akasema, "Wanangu, mnachovuta mbona hamrudishi?" Alikuwa amezihesabu. Mtu aliyezoea kufuata kete 64 kwenye mashimo 32 hawezi kukaa karibu na kofia asijue kilichobaki ndani. Kweli, tulikuwa tunaziacha karatasi nje, kwa hiyo kila iliyotoka ilibadilisha bahati ya anayefuata. Nahodha akasema zirudishwe, ndiyo haki. Mzee akakataa: ukirudisha, umebaki na bahati tupu, mtu hana cha kufikiria.

Tukaandika kanuni kama alivyosema: karatasi hairudi mpaka kofia iishe. Sasa mwizi wetu anahesabu kwa vidole chini ya meza. Akijua 20, karatasi bora kuliko zote, bado imo, anapanda ukuta wa jumba la Husuni Kubwa usiku. Ikishatoka, anakuwa mpole ghafla, anawaamkia walinzi mmoja mmoja na kuwauliza habari za nyumbani.