Maji ya Mwaya mbele ya wapitiaji: mafunzo niliyopata

Mtu akikutwa majini hapa Mwaya, swali la polisi huwa moja: alizama, au alitupwa akiwa ameshakufa? Swali la ndugu ni lingine, na mara nyingi limekwisha kujibiwa kabla maiti haijafikishwa nchi kavu. Mimi ni mtaalamu wa maabara niliyekulia kando ya ziwa hili, na nilitaka swali la polisi lipate msaada kidogo wa hadubini. Ndipo nikaandika makala kuhusu dayatomu za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na kuipeleka kwenye jarida la sayansi jinai, katika yale ambayo hayachapi kitu mpaka wataalamu wengine wakipitie na kukichambua. Makala ilitoka, ila nyembamba kuliko ilivyoondoka.

Kwa asiyezijua, dayatomu ni mwani wa seli moja wenye ganda la silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Anayezama huvuta maji mapafuni. Baadhi ya dayatomu hupenya hadi kwenye damu, na kwa kuwa moyo bado unapiga, hufikishwa kwenye ini, figo na uboho wa mifupa. Maiti iliyotupwa majini haina moyo wa kuzisukuma. Kipande cha uboho kikichemshwa kwa asidi ya naitriki, nyama na mafuta huyeyuka, maganda yakabaki. Maganda hayo hulinganishwa na yale ya maji ambamo mtu alikutwa. Kazi yangu ilikuwa upande huo wa pili, wa maji.

1. Jipya hulijui mpaka ulijue la zamani.

Swali la kwanza la mhariri ni: umeleta nini ambacho hatukuwa nacho? Nilipoanza kutafuta nilikutana na Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyefanya kazi Langenburg, kwenye mwambao huu huu, mwishoni mwa karne ya 19. Alikusanya sampuli za maji na tope zikaenda Berlin, na huko Otto Müller akazichambua na kuchapisha mfululizo wa makala kuanzia 1903. Dayatomu mashuhuri kuliko zote katika ziwa letu, Aulacoseira nyassensis, ilipewa jina na Müller, ingawa yeye aliiweka katika jenasi Melosira. Kwa hiyo orodha ya viumbe vya ziwa haikuwa habari mpya hata kidogo. Ambacho hakikuwepo ni maelezo kwa ajili ya mpelelezi: pale Mwaya, karibu na ufukwe, kwenye kina cha mtu kuzama, katika msimu fulani, unategemea kukuta nini na kwa wingi gani.

Kulikuwa pia na makala niliyoiweka mezani kama kielelezo cha umbo. Mwaka 2008 Journal of Forensic Sciences lilichapa takwimu za alama za vinasaba zinazotumika kutambua watu, zilizopatikana kwa Watanzania. Miongoni mwa waandishi wake ni Thomas Nyambo wa Muhimbili. Ni fupi mno na haidai kutatua kesi yoyote. Inasema tu: hizi ndizo namba za watu wa nchi hii, msitumie za kwingine. Nadhani watafiti wa kwetu tunaidharau sana aina hii ya makala. Tunataka kugundua, wakati mahakama inahitaji mtu wa kupima kilichopo na kukiandika vizuri.

2. Kibali kwanza, chupa baadaye.

Kuchota maji ziwani ni jambo jepesi. Tishu za marehemu ni habari nyingine kabisa. Tanzania ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na kwa upande wa vinasaba kuna Sheria ya mwaka 2009. Utafiti wa afya nao hupita kamati ya maadili, na ngazi ya taifa kamati hiyo iko chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Jarida litakutaka namba ya kibali kabla hata ya kusoma kichwa cha habari, na si urasimu mtupu. Februari 2024 jarida la Molecular Genetics & Genomic Medicine lilifuta makala 18 kwa mpigo, nyingi zikiwa za vinasaba vya watu wa China wakiwemo Wauyghur na Watibeti, baada ya Yves Moreau, mtafiti wa Leuven, Ubelgiji, kuhoji kwa miaka kama waliotolewa damu waliridhia kwa hiari. Hizo zilikuwa zimeshapita kwa wapitiaji na kuchapwa.

Mpitiaji wa kwanza aliuliza kwa nini makala haina uboho wa maiti hata mmoja. Nilimjibu kwamba hatukuomba kibali cha tishu, na sababu nikaitaja: matanga ya Kinyakyusa hujaa watu, maziko hayasubiri, na mtaalamu anayefika kuomba mfupa wakati akina mama wako chini wanalia hatapewa chupa ya maji kesho yake. Sikumwambia jambo moja ambalo lingemshangaza. Kupasua maiti kutafuta chanzo cha kifo si jambo geni Unyakyusa. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa huku miaka ya 1930, waliandika kwamba wenyeji walifanya hivyo wenyewe, wakitafuta dalili za uchawi tumboni. Mzee mmoja mvuvi, ambaye mtumbwi wake ndio uliotubeba, nilipomgusia habari hiyo alicheka.

“Hata wazee wetu walipasua, tata,” nilimwambia.

“Walipasua, mwanangu. Lakini aliyepasua alijulikana, na alisema alichokiona mbele ya watu wote. Wewe utakisema wapi? Kwa Kizungu?”

Nilibaki na swali hilo, na nitalirudia.

3. Mpitiaji anauliza maswali ya dodoso.

Hili ndilo funzo kubwa, nalo ndilo lililonibadilisha namna ya kufanya kazi maabara. Nilitarajia wapitiaji wajadili majina ya spishi. Walijadili chupa. Nani alizifunga? Zilikaa wapi kati ya Mwaya na maabara, na kwa saa ngapi? Zilihifadhiwa kwa kitu gani? Je, pamoja na sampuli za ziwa, mlipitisha maji yaliyokenekwa katika hatua zile zile, kwa asidi ile ile na vyombo vile vile, kuona kama kuna dayatomu zinazotoka maabara yenyewe? Swali hilo la mwisho si la kuudhi, kwa sababu udongo wa dayatomu hutumika viwandani katika vichujio, na vyombo visivyooshwa vizuri huleta maganda ambayo hayajawahi kuliona Ziwa Nyasa. Sampuli tupu tulikuwa nazo, lakini zilikuwa kwenye daftari. Wao walizitaka kwenye jedwali.

Kisha wakaja kwenye mito. Mwaya iko kwenye uwanda unaopokea maji ya mito kadhaa inayoshuka kutoka milimani Rungwe, na mvua ya Kyela, wilaya yetu, inajulikana nchi nzima. Baada ya mvua, maji ya ufukweni huwa mekundu kwa tope, na dayatomu za mtoni, zile zinazoshikamana na mawe na majani, huchanganyika na zile zinazoelea ziwani. Msimu wa kusi, kuanzia karibu Mei hadi Agosti, upepo hulikoroga ziwa, virutubisho vya chini hupanda, na dayatomu zinazoelea huongezeka. Ziwa likitulia kwa joto, mwani wa aina nyingine huchukua nafasi. Mpitiaji wa pili aliuliza: mtu aliyezama Februari mtamlinganisha na maji ya Julai?

Hapo nikaelewa. Haya ndiyo maswali ambayo wakili wa utetezi angemuuliza shahidi kizimbani, kwa mpangilio ule ule: kielelezo kilipita mikononi mwa nani, kilipimwaje, kinalinganishwa na nini. Chini ya Sheria ya Ushahidi, maoni ya mtaalamu hupokelewa, lakini yanabaki maoni, na mahakama haifungwi nayo. Tangu hapo, kila fomu ya sampuli tunayojaza naisoma nikijiona nimesimama mbele ya hakimu wa Kyela, kukiwa na wakili ambaye jana yake amesoma makala yangu na kuipigia mistari.

Majibu kwa wapitiaji yana adabu yake. Unanakili kila hoja, unaijibu chini yake, unataja ukurasa na mstari ulikorekebisha. Usipokubaliana, sema hivyo na utoe sababu. Kuna rafiki aliyenishauri niwasifu wapitiaji kwa maneno matamu. Nilimjibu kwamba hawa hawanywi chai yangu.

4. Dai likipunguzwa, makala hupata nguvu.

Katika mswada kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba dayatomu zingeweza kuonyesha mahali mtu alipozamia kati ya Mwaya, Matema na Itungi. Mpitiaji aliandika pembeni neno moja la kutaka ushahidi. Tuliiondoa. Sayansi yenyewe ya kipimo hiki ina mabishano ya miongo mingi: maganda yamewahi kukutwa kwenye viungo vya watu ambao hawakuzama kabisa, kwa sababu dayatomu huingia mwilini kwa chakula, kwa vumbi na kwa maji ya kunywa. Huku kwetu wapo wanaokunywa maji ya ziwa, na wote tunakula usipa, dagaa wa ziwa hili. Kutokutwa kwa maganda nako si uthibitisho kwamba mtu hakuzama. Kipimo ni cha kusaidia, kikiwekwa pamoja na uchunguzi wa mapafu, majeraha na maelezo ya walioona.

Anayedhani huko ni kujidharau akumbuke kisa cha Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Marekani. Mwaka 2004 wataalamu wa FBI walisema alama ya kidole iliyohusishwa na mabomu ya treni za Madrid ilikuwa yake, wakathibitishana wao kwa wao, akawekwa kizuizini. Polisi wa Hispania wakampata mwenye alama hiyo, naye hakuwa Mayfield. Miaka mitano baadaye Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti nzito iliyosema kwamba nyanja nyingi za sayansi jinai zilikuwa zinadai uhakika ambao hazijawahi kuupima. Mpitiaji aliyenikatia sentensi yangu amelelewa na ripoti hiyo.

5. Msomaji hajawahi kufika kwenye ziwa lako.

Ramani yetu ya kwanza ilijaa majina ambayo mimi nilikuwa sioni haja ya kuyaeleza. Mpitiaji aliyeko Ulaya hajui kwamba wingu jeusi linalosimama juu ya maji kama moshi ni wadudu wa ziwani, wala kwamba ufuko wa Mwaya ni wa mchanga na tope wakati Matema uko chini ya Milima ya Livingstone. Mambo haya yakaingia kwenye maelezo ya eneo, mistari michache. Na kwa kuwa watafiti wengi hulitafuta ziwa kwa jina la Malawi, kwenye maneno ya utafutaji tuliweka majina yote mawili, na ndani ya makala tukabaki na Nyasa. Hakuna aliyelalamika.

6. Pesa.

Ukishachapa mara moja tu, barua pepe zitaanza: jarida fulani linakuheshimu sana, litakupitia ndani ya siku tatu, lipia hapa. Zifute. Mapitio ya siku tatu hayapo. Upande mwingine, yapo majarida halali yanayotoza ada kubwa kwa makala ya wazi, na Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo wachapishaji wengi huzipunguzia au kuzisamehe, na ambazo taasisi zake zinaweza kusoma majarida bure kupitia Research4Life. Uliza kabla hujatuma mswada, si baada ya kukubaliwa.

7. Jina kwenye makala si takrima.

Wahariri wa majarida ya tiba walianza kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na kundi lao ndilo leo linaloweka masharti ya nani aitwe mwandishi: aliyechangia kazi kwa uzito, akaandika au kuhariri mswada, akaidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kulijibia. Yote manne. Bosi anayetia saini fomu ya gari hatimizi. Mzee wa mtumbwi naye hatimizi, lakini yeye alijua mahali maji ya mto yanapoishia na ya ziwa yanapoanzia, kwa hiyo alitajwa kwenye shukrani kwa ridhaa yake. Mmoja wa wakubwa aliyekosa nafasi hakufurahi. Masharti hayo yalinisaidia kusema hapana bila kuonekana mkorofi.

8. Makala ikitoka, kazi ya pili ndiyo inaanza.

Narudi kwa swali la yule mzee mvuvi: utakisema wapi? Makala iko kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo mpelelezi wa wilaya hatalifungua. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya, lakini hata wao hawawezi kulinganisha maganda na maji ambayo hakuna aliyeyachota. Kwa hiyo tuliandika karatasi moja ya Kiswahili, bila jedwali hata moja, tukaipeleka kituoni. Askari mmoja aliisoma hadi mwisho, akauliza chupa iwe ya aina gani, na kama ya soda inafaa.

Haifai. Iwe mpya, isiyowahi kutiwa kitu. Uisuuze kwa maji ya pale pale, uijaze mahali maiti ilipokutwa, siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatibua tope. Andika tarehe, saa, mahali na jina lako. Uifunge na kuiwekea lakiri mbele ya shahidi. Chota na ya pili kwenye mdomo wa mto ulio karibu, kwa sababu mpitiaji wa pili alikuwa sahihi, na maji ya masika bado hatujayamaliza.