KABATI LA JIKONI NA UKUTA WA JIPSAMU

Katika darasa la ufundi muhula huu tulijifunza jambo ambalo nadhani litawafaa hata wazazi, nalo ni namna ya kutundika kabati la vyombo katika ukuta usio na nguvu. Kwetu Shinyanga kuta tulizozizoea ni za matofali, ya kuchoma au mabichi. Lakini siku hizi, hata Kahama na Geita, vyumba vingine hugawanywa kwa bodi za jipsamu, na watu hutundika makabati humo kana kwamba ni tofali.

Jipsamu ni jiwe laini. Huchimbwa Itigi na Makanya, na chaki nyingi za shule hutengenezwa kwa jiwe hilo hilo. Asiyeamini udhaifu wake na avunje chaki kwa vidole viwili. Bodi ya ukutani ni jipsamu iliyogandishwa kati ya karatasi mbili. Unene wake kwa kawaida ni milimita 12.5 tu, na nyuma yake pana uwazi. Skrubu ikipita hapo haina cha kushika. Nguvu ya ukuta imo katika nguzo zilizofichwa ndani, ambazo mara nyingi huwa kila baada ya sentimita 40 au 60.

Sasa tupige hesabu. Kabati pamoja na vyombo lina kilo 40. Kina chake ni sentimita 30, basi uzito wake waelekea chini kutoka sentimita 15 mbele ya ukuta. Kimo chake ni sentimita 60. Ukingo wa chini huegemea ukuta, na skrubu za juu ndizo zizuiazo lisipinduke. Zidisha 40 kwa 15, ugawanye kwa 60: skrubu za juu zavutwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 10, mbali na kubeba mzigo wenyewe. Kabati la kimo cha sentimita 30 lingevuta kwa kilo 20.

Mwanafunzi mmoja akauliza: je, mtoto akining'inia ukingoni? Swali hilo lilikuwa bora kuliko somo langu. Mtoto wa kilo 20, akishika sentimita 30 mbele ya ukuta, huongeza kilo 10 nyingine. Mvuto wakawa mara mbili.

Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ya kupanga ambako kabati lilianguka usiku. Sahani na bakuli zote za mama mwenye nyumba zilivunjika. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili, ndiyo bahati.

Ikiwa ukuta haujafunikwa, kazi ni rahisi. Chukua ubao wa mbili kwa sita, uukate uenee kati ya nguzo na nguzo, uufunge ncha zote mbili. Weka mmoja penye ukingo wa juu wa kabati na mwingine penye ukingo wa chini. Kabla ya kufunika, pima kutoka sakafuni uandike vipimo, kwani bodi ikishapigwa huoni kitu.

Ikiwa umekwisha kufunikwa, tafuta nguzo kwa kugonga. Penye nguzo sauti si tupu. Sumaku nayo hunasa vichwa vya skrubu. Kisha lalisha nje ya bodi ubao wa unene wa milimita 25, ukivuka nguzo mbili au tatu, kwa skrubu za milimita 70, ili zizame nguzoni milimita 30 na zaidi. Kabati hufungwa katika ubao huo. Chini weka mwingine wa unene ule ule, kabati lisiinamie ukuta.

Na wenye nyumba za matofali mabichi? Huko msumari humomonyoa udongo tu. Tumieni boliti ndefu ipitayo ukuta mzima, yenye ubao pande zote mbili, uliopakwa oili chafu kwa sababu ya mchwa. Lakini paa likivuja na ukuta ukalowa, boliti nayo haifai kitu. Kabati liwekewe miguu lisimame sakafuni.