Lakabu na Anwani: Kutojulikana na Hatari ya Kisheria katika Ushirikianaji wa Faili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi anaifahamu lakabu: jina la kupanga ambalo mtu hulitumia badala ya jina lake halisi. Katika intaneti lakabu imekuwa vazi la kila siku, na wengi hudhani kuwa aliyelivaa hatambuliki. Makala haya yanadhihirisha kasoro ya dhana hiyo. Katika ushirikianaji wa faili, jina ni tabaka moja tu la utambulisho, na sheria humfikia mtu kupitia tabaka lile aliloliacha wazi. Hoja hii itafafanuliwa kwa kesi mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Japani.

2.0 Mzizi wa Tatizo

Katika tovuti ya kawaida, seva moja huhifadhi faili na watumiaji huzifuata huko. Katika mtandao wa rika kwa rika, kila tarakilishi hutoa na kupokea. Wimbo hutoka katika tarakilishi ya mtu mmoja na kuingia katika ya mwingine. Ili ufike, sharti tarakilishi zinazowasiliana zijue anwani za kila mmoja, yaani tarakimu ambazo kampuni ya huduma za intaneti humpa mteja anapounganishwa. Lakabu mtumiaji hujichagulia mwenyewe. Anwani hupewa na kampuni inayolijua jina lake na kumtumia bili. Aidha, programu nyingi za aina hii humgeuza mpokeaji kuwa mgawaji papo hapo, ilhali kugawa kazi ya mtu bila idhini yake ndiko kuliko msingi wa mashtaka mengi.

3.0 Lakabu Isiyositiri: Marekani

Mnamo Septemba 2003 kampuni za muziki nchini Marekani ziliwashtaki watumiaji 261 kwa mkupuo mmoja. Kuanzia mwaka wa 2004, kesi nyingi zilifunguliwa dhidi ya anwani tupu, mshtakiwa akiitwa John Doe, jina ambalo mahakama za huko humpa mtu asiyejulikana. Kisha mahakama iliiamuru kampuni ya intaneti itaje mwenye anwani. Kwa hivyo, hata sheria ina lakabu yake, ila yenyewe huitumia kama ngazi ya kulifikia jina halisi.

Mwanamke mmoja wa jimbo la Minnesota alikataa kulipa ili kuimaliza kesi nje ya mahakama. Alidaiwa kugawa nyimbo 24 kupitia programu ya Kazaa. Miongoni mwa ushahidi uliomlemea ni lakabu yake, kwa kuwa aliitumia pia katika akaunti zake nyingine. Mnamo Oktoba 2007 baraza la mahakama lilimtoza dola 222,000, yaani dola 9,250 kwa kila wimbo. Kesi iliporudiwa mwaka wa 2009, kiasi hicho kilipanda hadi dola 1,920,000. Baada ya mivutano zaidi, mahakama ya rufaa ilikirejesha kiwango cha kwanza mnamo Septemba 2012. Inabainika kuwa lakabu iliyozoeleka haimfichi mtu, humtambulisha.

4.0 Anwani Iliyofichwa: Japani

Mwaka wa 2002 Isamu Kaneko, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Tokyo, alitoa programu aliyoiita Winny. Jina hilo lina mvuto wa kiisimu: herufi M na X za programu ya WinMX zilisogezwa hatua moja mbele katika alfabeti zikawa N na Y. Kaneko mwenyewe alijitambulisha kwa nambari 47 pekee. Winny ilisimba faili na kuzipitisha katika tarakilishi za watu wengine njiani. Mtu aliiona anwani ya jirani yake, lakini haikuwa rahisi kujua kama jirani huyo ndiye chimbuko la faili au mpitishaji tu.

Hata hivyo, kinga hiyo haikuwa kamili. Novemba 2003 polisi wa Kyoto waliwakamata watumiaji wawili, na Mei 2004 wakamkamata Kaneko kwa tuhuma za kusaidia uvunjaji wa hakimiliki. Mwaka wa 2006 alipatikana na hatia na kutozwa faini ya yeni 1,500,000. Mahakama Kuu ya Osaka ilimwondolea hatia mwaka wa 2009, na Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo Desemba 2011. Kimsingi, kujua kuwa chombo chaweza kutumiwa vibaya hakukutosha kumtia hatiani aliyekiunda. Kaneko aliaga dunia Julai 2013, akiwa na umri wa miaka 42.

Kutojulikana huko kulikuwa na upande wa pili. Virusi vilivyoenea kupitia Winny vilimwaga faili za siri za watumiaji mtandaoni, zikiwemo nyaraka za polisi na za jeshi. Kwa kuwa hapakuwa na seva moja ya kuzimwa, kilichovuja hakikuzoleka. Machi 2006 Shinzo Abe, aliyekuwa katibu mkuu wa baraza la mawaziri, aliwasihi wananchi wasiitumie programu hiyo. Pazia lililomsitiri mgawaji wa filamu ndilo lililomnyima mwathiriwa wa kumlalamikia.

5.0 Hitimisho

Kesi hizi zinaonyesha kuwa neno ‘kutojulikana’, likitumiwa bila kubainishwa, hupotosha. Linastahili kuulizwa: ni nini kisichojulikana, na kwa nani? Kuficha jina si kuficha anwani. Kuficha anwani kwa jirani si kuificha kwa kampuni ya intaneti. Na kuficha chimbuko la faili si kuuhalalisha ugawaji wake. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya anayejificha nyuma ya lakabu huenda ikawa ndefu kiasi, ila nayo ina mwisho.