Kushuku Peke Yake Hakutoshi



Somo letu la leo linahusu jambo linaloweza kumpata yeyote: kukamatwa bila sababu.

Tuseme pesa za kikundi zimepotea. Mwanachama mmoja anaenda stesheni na kusema, "Ni mweka hazina. Juzi ameezeka mabati mapya." Mama wa watu anatiwa seli. Je, sheria imefuatwa?

Sheria ya Kenya inamruhusu polisi kumkamata mtu bila waranti kwa makosa kama wizi, lakini ni lazima awe anamshuku kwa sababu za kuridhisha. Maana yake, mtu mwingine mwenye akili timamu na asiye na chuki, akiyasikia mambo yale yale, naye pia angeshuku. Mabati peke yake hayatoshi. Labda ameletewa na mwanawe aliye mjini. Lakini kitabu cha benki kikionyesha pesa zilitolewa kwa sahihi yake, na kwenye daftari la kikundi hakuna kitu, hiyo ni sababu.

Hapa wengi hukosea. Hufikiri kwamba mtu akiachiliwa na korti, basi lazima alipwe fidia. Sivyo. Korti huuliza: siku ile waliomkamata walijua nini? Hata sahihi ikigunduliwa baadaye kuwa ya kughushi, huenda polisi walikuwa na sababu ya kutosha.

Ukikamatwa, kumbuka Katiba ya 2010, kifungu cha 49:

1. Uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa.
2. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili na jamaa zako.
3. Ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha. Zikiisha wakati korti imefungwa, basi ni siku ya korti inayofuata.

Usipigane na askari. Jamaa waandike tarehe, saa, kituo na namba ya OB. Ukitaka kuishtaki serikali kwa kufungiwa bure, usingoje: kesi ifunguliwe kabla ya miezi 12 kupita. Malalamiko juu ya polisi pia yaweza kupelekwa IPOA.

Na sisi wenyewe je? Kumpa polisi habari ukijua ni za uongo ni kosa la jinai. Katika Matendo 25:27, hata Festo aliona haifai kumpeleka Paulo kwa Kaisari bila kueleza mashtaka yake. Basi kabla ya kukimbilia stesheni, tufungue vitabu vya kikundi, tumwite mwenzetu, tumsikilize. Jina la mtu likishaharibika kijijini, kulirudisha ni kazi.

Maswali ya kujadili:

1. Katika kikundi chetu, ni nani hukagua vitabu, na mara ngapi?
2. Pesa zikipotea leo, tuna ushahidi gani, na ni nini tu uvumi?
3. Mwenzetu akikamatwa usiku, ni nani atamfuata kituoni?